Ndoo ya Marafiki wa Divai

Nyumbani kwa kaka yangu Damiano, pale Mushasha, mtaa wa mji wa Gitega, kulikuwa na ndoo ya bluu yenye mfuniko ambayo sikuwahi kuigusa kwa mkono mtupu. Haikuwa ndoo ya maji, wala ya kufulia, wala ya makombo ya nguruwe. Ilikuwa ndoo ya mate. Mate ya watu wazima, walimu na wafanyabiashara wenye ndoa zao na viatu vilivyong'arishwa, waliokutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi ili waonje divai na kuitema. Niseme mapema ili nisidhaniwe mpole: jambo hilo lilinichefua tangu siku ya kwanza na linanichefua mpaka leo.

Lakini huwezi kumweleza Damiano bila ndoo ile. Kaka yangu ni mtu wa kawaida kabisa. Alizaliwa Mwakiro, mkoani Muyinga, akavushwa mpaka wa Tanzania akiwa mgongoni kwa mama mwaka ule wa vita, akakulia katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, upande wa Ngara. Huko nikazaliwa mimi, huko akazikwa baba. Amani ilipopatikana tulirudi na mabati ya msaada na Kiswahili cha Tanzania, na Damiano, aliyekuwa na kichwa chepesi cha masomo, akasomea ualimu. Akapata kazi ya kufundisha jiografia Gitega, akanichukua nikae naye, nami nikafungua cherehani yangu barazani.

Darasani alijua mito ya dunia nzima, ila wanafunzi walimcheka kwa Kirundi chake. Alikuwa akitafuta neno, analikosa, anaweka la Kiswahili, na nyuma ya darasa mtu anaiga sauti yake. Alirudi nyumbani akiwa amenuna. Nadhani hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia: alitaka kuwa mtu wa Gitega, mtu wa meza yenye kitambaa cheupe, si yule mrejeaji wa juzi.

Meza hiyo aliipata kwa Magloire, Mkongomani wa Uvira anayeuza vitenge sokoni, mtu wa kicheko kikubwa aliyewahi kufanya kazi katika hoteli moja huko kwao. Wawili hao ndio walioanzisha Chama cha Marafiki wa Divai. Hakikuwa cha biashara, hilo nakiri. Kiliandikishwa kuwa chama kisichotafuta faida, na kweli hakikuitafuta. Wanachama walichanga, michango ikanunua chupa Bujumbura, chupa zikafunguliwa katika ukumbi wa kuazima, zikaisha. Mwenyekiti alichaguliwa kila mwaka kwa kunyoosha mikono, na mikono ilimnyookea Damiano kila mara, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuonyesha kwenye ramani divai inatoka wapi. Waliwafundisha pia wahudumu wa hoteli bure, namna ya kufungua chupa na kumimina bila kuchafua kitambaa. Wasichana wawili wa mtaani kwetu walipata kazi kwa mafunzo hayo. Hilo lilikuwa jema, na ndilo jema pekee nililoliona.

Nilihudhuria mara moja, nikatosheka. Chupa zililetwa zimevishwa soksi ndefu za mpira wa miguu, ili mtu asisome karatasi akajifanya mjuzi. Soksi safi, waliniapia. Wakaketi kimya kama kwenye mtihani, wakainua bilauri kwenye mwanga, wakazizungusha, wakatumbukiza pua zao ndani mpaka zikalowa. Kisha wakavuta kinywani kidogo, wakavuta na hewa juu yake kwa mlio wa mtu anayekunywa uji wa moto, wakasukutua shavu la huku na la kule. Halafu ndoo ikapita. Ghislaine, mtunza hazina, mke wa Magloire, mwanamke mrembo kupita kiasi, alitema akabaki na uzi mwekundu unaoning'inia kidevuni, na bado ule uzi unaning'inia akasema amesikia harufu ya ngozi ya kiatu. Watu wakatikisa vichwa, ndiyo, kiatu. Kaka yangu akasema yeye amesikia cheri. Damiano hajawahi kuona tunda la cheri maishani mwake.

Magloire aliniona nimeshika mdomo.

"Vin si mayi, dada," akaniambia. "Unaisikia mu kinywa, unaiwaza, kisha unatema. Ukimeza zote, ya tano hautaisikia tena. Donc, kutema ni heshima."

"Heshima kwa nani?"

"Kwa vin, dada."

Nikamwambia kwetu heshima anapewa mtu, si chupa. Akacheka mpaka tumbo likatikisika, nami nikaenda zangu.

Sasa nimseme mama yetu, Efrazia, kwa sababu aliyelipia yote haya ni yeye. Tuliporudi Mwakiro tulikuta shamba letu linalimwa na Nazario, jirani aliyebaki wakati sisi tunakimbia. Hakuwa mwizi. Alilima kilichokuwa kimelala, wanawe wakakulia hapo, akazikia hapo. Bashingantahe, wale wazee wanaoamua mashauri ya mlima, kama tunavyokiita kijiji, waligawa shamba kati kwa kati na kuweka mawe ya mpaka. Kisha wakasema neno la mwisho: siku Nazario na Efrazia watakapokunywa mtungi mmoja, shauri litakuwa limekwisha.

Siku hiyo haikufika. Nazario alimsalimia mama, alimsaidia hata kuezeka jiko, lakini akikaribishwa pombe alishika tumbo: linamsumbua. Mlima mzima ulielewa. Kwetu mtu hapokei kinywaji mpaka mwenye nyumba akionje kwanza mbele ya macho yake, na hata hapo anaweza kuogopa, kwa sababu katika miaka ile mibaya watu waliuana kwa mengi, na sumu ilikuwa mojawapo. Nazario aliamini mama anataka shamba zima. Na mpaka pale atakapokunywa, yale mawe yalikuwa mawe tu. Kila msimu mihogo ya mama iling'olewa ikiwa michanga, wala hakuna aliyejua ni nani. Mama alipanda tena. Alikuwa amechoka, na alikuwa akizeeka peke yake pale.

Basi mwaka mmoja Nazario akapata mjukuu, mama akampelekea kuku, na mzee akalainika. Akasema Jumapili fulani baada ya misa atakuja, na atakunywa. Mama alitupigia kwa simu ya jirani, akicheka kwa furaha. Alikuwa ameshafukia ndizi shimoni ziive.

Na kaka yangu, Mungu amsamehe, akapata wazo. Chama kilikuwa na safari ya masomo mara moja kwa mwaka, na safari hii aliwaza somo la divai ya ndizi, urwarwa wa mama yake mwenyewe, Jumapili ileile. "Wageni wa Gitega wakinywa pale," aliniambia, "Nazario ataona sisi ni watu." Mama naye alikubali. Aliona watu wakubwa wakinywa kwake, mzee hatapata sababu ya kushika tumbo.

Tulipita njia ya Karuzi, tumebanana katika gari la Magloire. Tulipofika uani nikamwona anateremsha ndoo ya bluu.

"Kaka, ndoo ya nini?"

"Ni utaratibu wa chama, Anisia."

"Nazario yupo pale. Iache garini."

"Usinifundishe mila za nyumbani kwetu," akasema, akanyoosha tai. Nilimwona wazi: alikuwa na hadhira, na katika hadhira hiyo walikuwamo watu wa mlimani kwake, wale ambao Kirundi chao kilimshinda. Alitaka wamwone anaongoza. Nilimwonea kinyaa kabla hata hajafungua mdomo.

Mtungi ulikuwa katikati ya ua, mirija imesimama ndani yake. Nazario aliketi kwenye kiti bora cha nyumba, amevaa koti, mkewe pembeni, na nje ya ua majirani wamejaa. Mama akashika mrija, akavuta, akameza mbele ya wote, akamwelekezea mzee mrija mwingine. Nazario akaupokea. Lakini akasema, kwa Kirundi na kwa adabu, "Wageni wa mbali watangulie."

Alitaka kuwaona wakinywa. Kila mtu alilijua hilo, isipokuwa wasomi wetu.

Magloire akapanga bilauri alizotoka nazo Gitega, mama akamimina kwa kata. Damiano akasimama mbele, akaeleza rangi, akaeleza povu, akazungusha. Watoto kwenye ua wakacheka. Akanusa, akavuta na ule mlio wake, akasukutua kushoto, akasukutua kulia. Kisha akainama, akatema kwenye ndoo pombe ya mama yake. Na kwa kuwa mwenyekiti ametema, Ghislaine akatema, Magloire akatema, na wengine wakafuata. Plastiki ililia kila mate yalipotua.



Nazario aliuweka mrija chini polepole. "Mtoto aliyenyonya ziwa lake ametema," akasema. "Anajua nini kilichomo? Mimi nimeze kwa nini?" Akasimama, akachukua kofia yake. Mkewe akasimama. Watu wa nje wakaanza kurudi nyuma, na niliona kwenye nyuso zao kwamba habari ilikuwa imekwisha kuandikwa: pombe ya Efrazia, hata mwanawe haimezi. Baada ya hapo nani angekanyaga pale? Nani angemzika?

"Mzee Nazario, ni utaratibu, ni elimu," Damiano akaanza, na hapo Kirundi kikamkimbia chote.

Mama hakupiga kelele. Alitembea mpaka kwenye ndoo. Mimi nilielewa kabla ya wengine, nikapaza sauti, "Mama, usifanye!" Akaiinua kwa mikono miwili. Ndani yake kulikuwa na pombe, na povu, na nyuzi za makohozi, na mate ya watu ambao hata majina yao hakuyajua. Akaweka mdomo kwenye ukingo. Akanywa. Niliona koo lake linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, na uzi mmoja mzito unavutika kutoka ukingoni hadi kwenye kidevu chake. Akashusha ndoo, akajipangusa kwa ncha ya kitenge.

"Nimekunywa aliyoyatema," akamwambia Nazario. "Kama kuna kitu, kiko ndani yangu. Keti ungoje."

Nilikimbilia nyuma ya jiko nikatapika mpaka nikatoa nyongo. Niliporudi, Nazario alikuwa ameketi. Alikuwa amempokonya mama ile ndoo na kuimwaga migombani kwa mikono yake. Hakuchukua mrija aliopewa. Aliuchukua ule wa mama, wenye mate ya mama, akavuta kwa muda mrefu, akameza, akampa mkewe. Kisha majirani wakaingia mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka wala aliyepiga makofi. Walikunywa mpaka mtungi ukabaki machicha.

Magloire alipiga goti mbele ya mama. "Pardon, mama. Tuko bajinga," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. Huyo nilimsamehe siku hiyohiyo. Damiano alikuwa ameegemea gari akilia, tai imelegea, na hakuna mtu aliyemwendea. Mimi pia sikumwendea. Nilikuwa na ladha ya matapishi mdomoni, na kila nikimtazama ilizidi.

Mihogo ya mama haijang'olewa tena. Nazario hupita kila Jumapili baada ya misa, anakaa, anakunywa, wanasengenya watu wa parokia. Chama kipo bado, na Damiano bado ni mwenyekiti. Ile ndoo niliichoma nyuma ya nyumba, ikanuka mtaa mzima, wakanunua nyingine. Watu wa Gitega humsifu kaka yangu kwa pua yake, nami hushona nguo zangu na kunyamaza.

Lakini kila mwisho wa muhula Damiano hupanda gari kwenda Mwakiro, nami humsindikiza. Mama humkaribisha vizuri. Hajawahi kumtajia siku ile hata mara moja. Humpimia kikombe cha urwarwa, humpa kwa mikono miwili, kisha huvuta kigoda na kuketi mbele yake. Wakati mwanawe anakunywa, mama hamtazami usoni. Anamtazama koo, mpaka lishuke.