Picha ya kumutumia mama mukubwa

Leo jirani anakamua mawese, na ile harufu imenirudisha nyuma ya nyumba yetu, siku mupiga picha alipokuja akamukuta mama akikamua yake. Mama alitaka picha ya kumutumia dada yake aliyebaki katika kambi ya wakimbizi Tanzania, ajue kwamba sisi tuliorudi tuko wazima. Lakini kila akiitazama kamera alikakamaa: mikono chini, kidevu juu, macho makavu.

"Mama, hii si picha ya kadi ya kambi," mupiga picha akasema. "Hapa hakuna mutu wa kuwakatalia posho."

"Sasa nisimame namna gani?"

"Muache kusimama. Muangalie mutoto, kifungo yake iko wazi."

Sina hakika kama kifungo changu kilikuwa wazi kweli ama alitunga, sitaki kumusingizia. Mama aliinama, vidole vyake vya moto vikanigusa shingo.

"We, samaki ya ndagala umekula wewe ama shati?"

Tukacheka. Kamera ikalia.

"Umeniibia picha!" mama akamwambia mupiga picha.

Picha ilipoletwa, yeye ameniinamia akicheka, aliiangalia muda murefu, halafu akaniuliza taratibu, "Kumbe ndivyo unavyoniona kila siku?"

Nikasema ndiyo.

"Basi tumutumie hii. Atalala bila wasiwasi."