Glasi ya Mlinzi wa Bwawa

Kila asubuhi mlinzi wa bwawa hupanda tuta miguu peku, maana anadai kiatu hakisikii kitu. Hung'oa kila mche wa mti ungali mwembamba kama kidole, kabla mizizi haijalitoboa tuta, huziba mashimo ya fuko na kuyashindilia kwa ngumi. Bwawa lenyewe hulifungulia maji yaende zake, libaki karibu tupu. "Bwawa gani hili, shemeji? Hata bata atakwama!" humtania mke wa kaka yake, mwenye nyumba bondeni, chini kabisa ya tuta. Naye hujibu huku akikwangua tope kwenye kucha, "Likijaa leo, mafuriko yakija tutayalaza wapi?"

Yakaja, baada ya mvua ya siku tatu. Maji yakapanda hadi karibu na ukingo, na chini ya tuta pakaanza kuchuruzika. Shemeji yake akafika mbio, mama mkwe mgonjwa mgongoni. "Linavuja! Tuhame?" Mlinzi akachutama, akakinga yale maji kwa glasi, akaiinua kwenye mwanga, akaitazama mpaka shemeji akasahau kupumua. Maji yalikuwa meupe pe. "Hayajabeba udongo, tuta haliliki ndani. Yangekuwa na tope, ningekutangulia kukimbia!"

Mchana mvua ikakatika. Mto ulipita bondeni ndani ya kingo zake, mpole kama ng'ombe aliyekamuliwa. Watu wakapanda tutani kwa vigelegele, shemeji mbele. Mlinzi, machozi yakimtiririka, akawafokea: "Shukeni, tuta bado bichi! Kachezeeni majumbani kwenu. Si nyumba bado mnazo?"