Nambari Saba na Swali la Siri

Mama mdogo Hasnati alitunza siri za watu miaka ishirini na saba, na siri yake mwenyewe ikavuja kwa mkono wangu mimi, Rahamatou. Nalisema mapema ili mtu asije akanikatiza katikati.

Mwaka 1978 aliingia posta ya Mahajanga kuwa opereta wa simu, akapewa kiti cha saba kwenye swichibodi. Simu zote za mbali zilipita mkononi mwake. Alijua nani kaposa, nani kaachwa, nani kamwambia mkewe yuko Antananarivo kumbe yuko pwani ya Amborovy anaota jua na mke wa mwenzake. Na hakutoa hata neno! Mama yangu Kouraichia, dada yake mkubwa, alimbembeleza kwa sambusa, akamnunia, akamlilia. Wapi!

"Dada, nikikupa ya mmoja, kesho nani ataniamini na yake?"

Kila Alhamisi alikuwa akipiga simu Abdérémane, karani wa mnunuzi mmoja wa pilipili manga huko Ambanoro, kisiwani Nosy Be. Akishaunganishwa husema, "Asante, Nambari Saba. Sauti yako imenisahaulisha nilichopigia." Mama mdogo akiwaka uso na asijibu, kwa sababu msimamizi wao alikuwa na ugonjwa wa kusikiliza laini za wenzake. Miaka ikapita, huyu akaolewa, yule akaoa.

Huyo msimamizi walimkomesha, lakini. Mchele ulikuwa wa shida miaka ile. Mama mdogo akampigia mwenzake wa kiti cha tatu, akanong'ona kwamba magunia yameshushwa forodhani na yanagawiwa saa sita kamili. Saa sita kamili msimamizi alikuwa forodhani peke yake, na kikapu, jua la utosi. Mama mdogo akilisimulia hili mpaka leo hufuta machozi kwa kucheka.

Sasa tuje 2011. Mimi nina duka la intaneti mtaa wetu wa Mahabibo, kompyuta nne, moja inafanya kazi ikijisikia. Mama mdogo amestaafu, mjane. Siku moja akapiga simu Ambanoro kutoa pole kwenye msiba, akapokea mwanamume. Mama mdogo akasema, "Haloo, naomba nyumba ya wafiwa." Kisha yule bwana akasema polepole:

"Nambari Saba?"

Loo! Roho ilimruka. Alikuwa Abdérémane, naye mjane, mwaka wa pili.

Asubuhi alikuwa dukani kwangu kabla sijafungua, kajipulizia marashi kama anakwenda harusini. "Nifungulie hiyo barua pepe. Na mama yako asijue! Hassane akisikia kwa watu kwamba mama yake anataka kuolewa, nitaficha wapi uso? Hassane atasikia kwa mdomo wangu au hatasikia kabisa."

Hassane ni mwanawe wa pekee, mtu mpole, lakini alimpenda mno marehemu baba yake. Ndiyo maana mama mdogo alikuwa akienda kwake kila Jumapili kumwambia, akinywa chai, akirudi hajamwambia.

Basi nikamfungulia. Neno la siri alitunga mwenyewe, refu mpaka nikamwonea huruma. Mashine ikataka na swali la siri, la kumsaidia siku akilisahau. Nikamchagulia hili: mama yake bibi yako aliitwa nani? Akaandika Hayrat. Tukapongezana. Nani atamjua mwanamke aliyekufa kabla posta haijajengwa?

Wakaandikiana, wallahi, kila siku! Kikomoro cha kizamani, Kimalagasi, na Kifaransa cha posta kikitiwa humo kama chumvi. Mama mdogo akisoma huku kaziba mdomo kwa leso, mabega yanatikisika, wateja wangu wanageuka.

Ijumaa moja tuko kwake, mama yangu akaingia na bakuli la kisamvu, anang'aa usoni.

"Nambari Saba, hujambo?"

Kijiko kilimdondoka mama mdogo. Jina hilo hakuwahi kumtajia mtu ila mimi, na mimi sikusema. Lilikuwa ndani ya zile barua tu. Dada yake alipokwenda zake, akanishika mkono. Nilidhani atalia. Macho yake yalikuwa ya msichana wa swichibodi.

"Rahamatou, laini inasikilizwa. Sasa tutagawa mchele."

Tukamwandikia Abdérémane barua ya uongo: Njoo Jumapili, ndege ya saa nne, nakungoja uwanjani Amborovy, mwanangu hajui kitu. Tukaituma, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Jumapili saa tatu na nusu tuko Amborovy, tumejibanza nyuma ya kibanda cha soda, mama mdogo kavaa miwani yangu ya jua. Teksi ya kwanza ikamshusha mama yangu. Ya pili, shangazi zetu watano, wamejifunga vitambaa vya salovana, sare. Ya tatu, ngoma mbili! Na kwenye ile ngoma ya pili alikaa Hassane, kanzu nyeupe, kofia mpya.

Mama mdogo alichomoka pale kibandani kama mshale.

"Kouraichia! Umenisoma! Miaka ishirini na saba nimefunga mdomo kwa mji mzima, wewe barua zangu umeshindwa kuziacha?"

"Mashine iliniuliza mama yake bibi aliitwa nani, ikanifungulia kwa Hayrat," mama akasema, wala haoni haya. "Mdogo wangu, kila hitima ya wazee wetu unaandika majina ya marehemu kwa mkono wako mwenyewe, unampa Fundi Soulé, mwalimu wetu wa Kurani, naye anayasoma kwenye kipaza sauti. Mahabibo nzima inamrehemu Hayrat kila mwaka!"

Nikatamani ardhi inimeze. Swali nililichagua mimi, na hitima ya mwisho kipaza sauti nilikiunganisha mimi. Hata hivyo nilimpandishia sauti mama yangu, mbele za watu, kwamba kujua jina si ruhusa ya kufungua mlango. Akainamisha kichwa. Hakuzoea kuambiwa na mimi.

Mama mdogo alikuwa keshamgeukia Hassane. "Nilitaka nikwambie mimi. Hilo tu ndilo nililotaka."

Hassane akawaangalia shangazi mmoja mmoja, kisha akamwangalia mama yake. "Mimi sijasikia kitu, mama. Niliambiwa tu kuna ngoma."

Ndege ikatua. Hatukuijali, tulijua haina mtu wetu. Abiria wakatoka, na nyuma yao mzee mwembamba, sanduku mkono mmoja, fungu la vanila mkono wa pili, akiangaza huku na huku.

Yallah! Katika kutega, tulisahau kumpigia kumwambia ni mtego. Barua ile, Abdérémane mwenyewe naye aliisoma!

"Umeniita," Abdérémane akasema, "nimekuja."

Mama mdogo akavua miwani.

"Hassane," akasema kwa sauti ya chini, "huyu bwana nataka anioe."

"Sisikii, mama. Ndege."

Rubani alikuwa hajazima injini. Mama mdogo Hasnati, Nambari Saba, aliyenong'ona maisha yake yote, akajaza kifua na kupiga kelele Amborovy nzima ikageuka:

"NATAKA KUOLEWA!"

Ngoma zikalia.