Mkono wa Tatu

Dada yangu ni fundi wa kushona. Cherehani yake ni kongwe kuliko hawa wanawe wanaojua kila kitu, na ndiyo iliyowalisha hadi wakaota pembe.

Kweli, majina yanamponyoka. Humwita binti yake kwa jina la paka. Enzi zetu mama akikuita kwa jina la kaka yako, uliitika ukaenda. Hawa wa sasa humsahihisha, tena mbele ya wageni.

Alipoona kichwa hakibebi tena mambo mawili kwa mpigo, alizima redio, akaanza kujisemea kazi kwa sauti: tandaza, pima, kata mkono, geuza karatasi, kata wa pili. Kazi ikawa ya taratibu, lakini safi. Mwanawe wa kiume, msomi wa kupekua simu, alimsikia akiwa mlangoni, akaitisha kikao. Mama anaongea na vitambaa, alisema, akili imekwisha. Wakamwomba anyamaze. Kwa aibu, akanyamaza.

Basi siku moja akikata gauni la jirani kimyakimya, akasahau kugeuza ile karatasi ya kipimo, ikatoka mikono miwili ya kulia. Binti aliipeperusha sebuleni kama bendera ya ushindi. Wakaamua cherehani iuzwe. Kwa dada yangu, huko ni kuzikwa huku unasikia.

Jumamosi kijana alikuja na kamba ya kuifungia. Nilikuwepo. Kitambaa kilichobaki cha lile gauni kilitosha mkono mmoja tu, na dada alikuwa amekitandaza mezani.

"Mama, hata mjomba anajua, sisi tunakuonea huruma tu."

Huruma ya namna hiyo hata fisi anayo.

"Kaa, mwanangu," dada alisema. "Leo nyamaza wewe."

Akaanza kujisemea. Kwenye kugeuza alikwama, akarudia neno, akaishika karatasi, akaigeuza, ndipo akakata. Alishona bila kutuangalia. Gauni lilipotundikwa kwenye kiango cha nguo, mikono yake ilishuka sawasawa, kulia na kushoto.

"Lakini mama, umemaliza asubuhi nzima."

"Kwani nilikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Kijana alikunja kamba yake. Tulipotoka alinivuta pembeni, akaninong'oneza, "Mjomba, kwa hiyo cherehani ibaki?"

Nikamwambia akamuulize mama yake. Akanikodolea macho kana kwamba nimemtajia ofisi asiyoijua iko mtaa gani.