Madaftari ya Mama Milimita

Kwa miaka ishirini na tisa, kila saa tatu asubuhi, fundi mmoja wa mitambo ya maji, mama wa watoto watatu, alikiendea kipimamvua uani, akamimina mvua ya jana kwenye bilauri ya kupimia, akasoma, akaandika. Kazini walimwita Mama Milimita. Hakununa, alisema ni afadhali kuliko walivyomwita meneja.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa mpishi wa zahanati iliyoko ng'ambo ya mlima, upande unaotazama bahari. Huko nako kulikuwa na kipimamvua, na mpishi ndiye aliyekisoma, maana wauguzi hawakuwa na nafasi. Kila Jumapili mawifi hao walipigiana simu na kutambiana nani kapata mvua nyingi.

Katikati yao kulikuwa na msitu. Mwaka mmoja nusu yake ikafyekwa, ikapandwa miwa. Tangu hapo Mama Milimita akawa anashindwa kila wiki. Wifi alimcheka mwanzoni, kisha akaacha. Manyunyu ya kiangazi, yale yaliyozoea kulowesha nguo kwenye kamba, yakakoma. Bwawa la mji likashuka hadi tope likaonekana, na maji ya bomba yakawa ya zamu.

Halafu kampuni ya miwa ikaomba nusu iliyobaki. Kikao kikaitishwa katika ukumbi wa halmashauri, na mtaalamu wa kampuni akaeleza kwamba mvua hutoka baharini, miti haihusiki, na ukame ule ulikuwa wa kila mahali. Watu walianza kukubali. Mama Milimita akanyoosha mkono, akaomba meza. Akapanga madaftari yake upande mmoja na ya wifi yake, aliyevuka mlima kuyaleta, upande mwingine.

Akaeleza kwamba upepo hutoka baharini na unyevu, ukamwaga mvua ng'ambo. Msitu huyavuta maji hayo ardhini na kuyarudisha hewani kupitia majani, na upepo ukayabeba tena kuja mjini. Msitu ukiondoka, upepo unafika mkavu.

"Kama ukame ni wa kila mahali," akasema, "mbona kwa wifi yangu mvua haijapungua? Upepo ni ule ule. Kilichobadilika ni hapo katikati."

Mtaalamu akauliza nani angethibitisha kwamba tarakimu zile hazikubuniwa. Mama akafungua daftari la kumi na moja.

"Siku hii nilikuwa najifungua kitindamimba wangu. Mwandiko huu mbaya ni wa marehemu mume wangu. Hakuja hospitali mpaka alipomaliza kupima. Sikumsemesha siku mbili."

Ukumbi mzima ukacheka, mwenyekiti naye. Mtaalamu akayavuta madaftari, akasoma ya huku, akasoma ya kule, ukurasa kwa ukurasa. Mwishowe akavua miwani, akaomba apewe nakala.

Jioni ile ile ombi lilikataliwa, na kampuni ikaamriwa kurudisha miti kwenye miteremko yote ya juu. Mama Milimita alitoka wifi yake kamshika mkono, watu wakiwapisha kama maharusi.

Sasa ni mwaka wa tisa. Miche imeshakuwa miti, na manyunyu ya kiangazi yamerudi: milimita mbili, siku nyingine tatu. Idara ya hali ya hewa imeweka vipimamvua kumi na viwili vipya pande zote za mlima, na aliyeombwa kuwafunza watakaovisoma ni Mama Milimita.

"Siku mkisahau kupima," aliwaambia asubuhi ya kwanza, "acheni nafasi wazi. Msibuni."

Wakaandika, kisha akawatoa nje kuwaonyesha namna ya kusimika kipimo kikae sawasawa.