Mtoto Aliyeuliza Inaumaje

Mdogo wangu ni msusi, na sisemi kwa kuwa ni damu yangu: mtaa huu mkono wake haujapata mwenzake. Mimi katika saluni hiyohiyo naosha vichwa, nakausha, nafagia na kuongea. Kuongea ndiyo kazi yangu kubwa. Yeye akishashika kichwa cha mtu anabana midomo, macho yako kwenye mstari, vidole vinakwenda. Mwulize saa hiyo kama anataka chai, atakujibu kesho.

Siri ya kazi yake alinipa mwenyewe. Anasema mdomo wa mteja unadanganya, shingo haidanganyi. Mtu anaweza kukwambia "kaza tu, mimi mvumilivu," lakini ukivuta kupita kiasi shingo yake inakufuata mkono. Ikianza kukufuata, legeza. Hivyo ndivyo anavyojua mahali pa kuishia, na ndiyo maana wateja wake wanalala usingizi siku hiyohiyo ya kusukwa.

Sasa ikatokea kwamba mwanawe wa kumzaa alikuwa na shingo isiyomfuata mtu.

Binti huyo wateja walimpa jina la Komando. Alipokuwa mchanga alidungwa sindano ya chanjo akabaki anamtazama nesi usoni, kama anayemwuliza ameshamaliza au bado. Foleni nzima ilimwonea wivu mama yake. Mtoto halii, akianguka anainuka na safari inaendelea. Meno yalipoota akawa anajitafuna vidole hadi vinatoka damu, tukasema fizi zinamwasha. Mama mmoja muuza vitambaa, mteja wetu wa siku nyingi, alipenda kutukumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikamjibu, "Wetu, mama, halii hata tusipomchelea." Tukacheka. Kila jambo tulikuwa tumeshalipatia jibu, na huo ndio ugonjwa wa watu wa saluni.

Alipofikisha umri wa kukaa kwenye kiti akatulia, mdogo wangu akaanza kumsuka. Wee, zile nywele. Mistari imenyooka, misuko imekaza mpaka kichwa kinang'aa. Mtoto mwenyewe amekaa anachezea kitana, anaimba. Watu wakiingia hawaangalii tena picha za ukutani, wanamnyooshea yeye kidole: "Nataka kama za huyu." Akawa ndiye bango letu. Na kwa kuwa hakulalamika, kila mara mama yake alikaza kidogo zaidi, bila hata kujua anakaza. Alikuwa anaisubiri shingo, na shingo haikuja.

Mimi ndiye niliyesikia harufu. Nilikuwa namwosha, nikapitisha vidole nyuma ya sikio, nikakuta ngozi imechanika kando ya mstari, kuna usaha. Nikafumua msuko wa pili, hivyohivyo. Wa tatu, hivyohivyo. Na yeye muda wote ananisimulia habari za paka wa jirani. Nikamwita mdogo wangu. Aliangalia, akakaa chini sakafuni penye nywele za watu, akasema, "Dada, nimemsuka mwanangu kama gari lisilo na breki."

Daktari alikuwa kijana, mpole. Alichukua sindano akamgusa mtoto kidoleni, kisha akamdunga hasa. Komando akasema, "Na hiki," akampa kidole kingine. Daktari akaweka sindano chini. Akatueleza kwamba mtoto anasikia kuguswa, anasikia kutekenywa, lakini maumivu hayasikii. Ile habari haifiki kichwani. Amezaliwa hivyo na dawa ya kuirudisha hakuna.

Nitasema ukweli, mimi niliona ni bahati. Nina mgongo unaoniuma tangu ujana, nikajiambia laiti tungegawana. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo walivyosema wahenga, na siku ile nililibeba hilo kanda kwa furaha. Nadhani daktari aliniona usoni. Akaniuliza, "Mama, tangu umekaa hapo umegeuka mara ngapi?" Nikamwambia sijageuka. "Umegeuka sana," akasema. "Nyonga ikichoka inauma kidogo, unahama, wala hujui kama umehama. Mtoto huyu hahami. Atakaa mpaka kiungo kiharibike."

Tangu siku hiyo sikuwa na raha na kigoda changu. Nikikaa najichunguza. Kumbe mchana kutwa mtu anahangaika: unapunguza uzito mguu huu, unatoa ulimi kwenye chai kabla haijakuunguza, unasogeza kiwiko mezani. Nikawa nawaangalia na wateja. Hakuna anayetulia. Mji mzima unajisogezasogeza, na hakuna anayejiuliza anasogezwa na nini.

Shemeji yangu, baba yake Komando, ni fundi wa makochi. Mwanamume wa maneno machache. Alirudi na sponji akaivisha nyumba nzima. Kona za meza, miguu ya kitanda, kingo za milango. Ukienda kwao ukijigonga unaruka na kurudi ulikotoka. Kuhusu jiko hakuweza kufanya kitu, basi mlango wa jiko ukapigwa komeo. Mdogo wangu naye akahamishia roho yake yote kwa mtoto. Anasuka mteja, jicho moja kwa mtoto. Mtoto akienda uani, anamfuata.

Na mtoto, akiwa amefungiwa humo saluni siku nzima na watu wanaovutwa nywele, akaanza utafiti wake. Hakuwa na huzuni hata kidogo, alikuwa anataka kujua. Mtu akifinya uso, Komando yuko mbele yake, mikono mgongoni.

"Inaumaje?"

"Inachoma."

"Kuchoma kukoje?"

"Kama moto."

"Moto ukoje?"

Mteja anageukia kioo. Wengine walidhani ana utundu. Nami nilijaribu kumweleza, mimi ninayejidai sikosi neno, nikashindwa. Jaribu na wewe kumweleza mtu asiyeyajua, utaona unazunguka palepale. Ni mama muuza vitambaa aliyempa jibu alilolipenda. Alifikiri sana, kichwa kikiwa mikononi mwa mdogo wangu, kisha akasema, "Mjukuu wangu, ni kama mtu anayekuita jina lako, wala hanyamazi mpaka umwitikie."

Komando akalitafakari hilo. "Mimi haniiti," akasema.

"Basi itabidi wewe uwe unakwenda kumwangalia mwenyewe," akasema mama yule.

Mdogo wangu alisimamisha vidole. Sijawahi kumwona akisimama katikati ya mstari. Jioni ile, tulipofunga, akamkalisha mtoto kwenye kiti cha wateja mbele ya kioo na kumfundisha anavyokagua kichwa alichomaliza. Huwa haangalii msuko mmoja mmoja. Analinganisha upande na upande. Wa kulia umekaaje, wa kushoto umekaaje. Usipofanana na mwenzake, kuna neno. "Mikono yako ni pacha," akamwambia. "Miguu yako ni pacha. Mmoja akinenepa ghafla, au akawa wa moto, au ukimwambia pinda akakataa, huyo ndiye anayekuita." Mtoto akaweka viganja mezani akaviangalia kwa udadisi, akavigeuza, akaangalia magoti, akavua viatu. Kila alipoanguka, kila alipomaliza kucheza, alitakiwa akae ajikague. Akauchukua kama mchezo. Akaanza kutukagua na sisi. Aliwahi kunivua soksi mbele ya wateja akanitangazia kwamba mguu wangu wa kushoto mnene kuliko mwenzake, na kweli ulikuwa umevimba.

Lakini hayo aliyafanya mama yake akiwa pale anamwambia "haya, kagua." Umri wa shule ukafika, na hapo ndipo maji yalipofika shingoni. Mwalimu mkuu, mwanamke wa miwani na sauti ya chini, alitusikiliza mpaka mwisho. "Nitampokea," akasema. "Ila nina darasa zima, siwezi kumvua viatu mmoja kila saa. Akiumia, mwenyewe aje aniambie. Tukiona hawezi, mtamrudisha nyumbani akue kwanza, maana siwezi kuwa mimi niliyemharibu."

Komando aliiweka sare yake kitandani akalala pembeni yake ili isijikunje. Hakuna alichokuwa anakitaka duniani kama ile shule. Mama yake alijua kwamba akirudishwa hatarudi tena, maana kukua hakutambadilisha. Atakaa saluni kati ya sponji na mlango wenye komeo hadi azeeke.

Sasa sikiliza vituko. Mtoto alipoanza shule, mdogo wangu naye akaanza. Anasuka mteja nusu kichwa, ananawa mikono, "nakuja sasa hivi dada," anapotea. Kumbe amekwenda kusimama nyuma ya seng'enge ya shule, upande wenye miti, anachungulia. Saluni yangu ikajaa watu wa nusu kichwa: upande mmoja malkia, upande wa pili katoka kugombana. Mimi nawapa chai, nawapa hadithi, hadithi zinakwisha. Siku moja kulikuwa na msichana aliyekuwa na usaili wa kazi mchana uleule. Ameshika kioo, machozi yanamlengalenga. "Mama, nitaingia hivi?" Hasira zikanipanda. Nikavua aproni, nikaenda shuleni nikiyapanga njiani maneno ya kumwambia.

Nilimkuta ameng'ang'ania ule waya kwa mikono miwili. Kabla sijafungua mdomo, akasema, "Mapumziko. Tazama."

Watoto walikuwa wanakimbizana uwanjani. Komando alikuwa mbele, anacheka, anageuka nyuma kumwangalia anayemkimbiza. Hakuiona ngazi ya saruji. Alianguka kwa mkono, uzito wote juu yake, na kishindo nikakisikia mpaka kule tulikokuwa. Watoto wakasimama. Yeye akainuka, akajipangusa sketi, akaanza tena kukimbia.

Mdogo wangu akavuta pumzi ya kuita. Nikamziba mdomo. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Nikamwambia sikioni, "Ukimwita leo, utamwita mpaka unaingia kaburini. Na ukishaingia, nani atamwita?" Alinisukuma kwa kiwiko, ana nguvu yule, lakini sikumwachia. Mtoto akazunguka uwanja. Akazunguka tena. Ule mkono alikuwa anaupunga kama mwingine. Nilimchukia yule mwalimu mkuu anayekunywa maji barazani wala haoni, na nikajichukia mimi mwenye busara za kuziba watu midomo. Nikajiambia akizunguka mara nyingine namwachia, na amwite.

Mchezo ukaisha. Wenzake wakaelekea bombani. Komando akaelekea nao, akafika nusu ya njia, akasimama. Alisimama kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Halafu akaenda ukingoni mwa baraza, akakaa. Akavua kiatu, akavua cha pili, akaangalia nyayo, akaangalia magoti. Alichukua muda wake. Akakunja mikono ya shati, akailaza mikono yote miwili mapajani, akainama juu yake. Akajaribu kupinda kifundo cha mkono mmoja, kikapinda. Akajaribu cha pili.

Akakaa akikiangalia. Kisha akainuka, peku hivyohivyo, akaubeba ule mkono kwa mkono mwenzake, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu. Hatukusikia alichosema. Tulimwona mwalimu akiinama, tukamwona akivua miwani, tukamwona akimshika bega na kumwingiza ofisini taratibu.

Nikamwachia mdogo wangu mdomo. Alikuwa bado ameshika waya, ikabidi nimbandue vidole, na ndipo nilipoona kiganja chake. Miiba ya seng'enge ilikuwa imeingia nyamani, damu imeteremka mpaka kwenye kiwiko na kuloweka mkono wa gauni.

"Mwenzangu, mkono wako."

Akautazama. Akakunja vidole, akavikunjua.

"Hujasikia?"

"Sijasikia kitu," akasema. Akaendelea kuutazama, muda mrefu, kwa macho yaleyale ya mwanawe anapomwuliza mteja swali. "Kumbe ndivyo ilivyo, dada."

Nikafungua kitambaa changu cha kichwani, nikamfunga. Akazunguka ukuta mpaka getini, hakukimbia, akabisha hodi, na mlinzi alipomwuliza shida yake akasema ameletewa habari kwamba mwanawe ameumia.

"Nani amekuletea?" akauliza mlinzi. "Mbona mtoto ndiyo kwanza amemwambia mwalimu?"

"Basi nitasubiri waniite," akasema mdogo wangu, akakaa kwenye benchi nje ya geti.