Tawi la Bado

Mimi ni mtu wa kurudia. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma. Nikiandika ujumbe, nausoma mpaka maneno yanapoteza maana. Nadhani ndiyo sababu nilipenda kuandika programu, kazi niliyojifundisha kwa video za simu na kompyuta ya mtumba. Niliamini kwamba humo jambo ni ndiyo au hapana, basi.

Shangazi yangu ana mashine ya kukamua alizeti hapa Shelui, karibu na yanapoegeshwa malori. Msimu wa mavuno wateja humpigia simu kutwa, naye hasikii kitu kwa kelele za mashine. Nikamtengenezea programu ya kuwatumia ujumbe. Akakubali kwa sharti moja: ikimvurugia wateja anaizima, na mimi naenda kubeba magunia.

Ndani yake niliweka swali moja: alizeti imekamuliwa? Kama ndiyo, mteja aandikiwe, "Njoo uchukue mafuta." La sivyo, "Njoo uchukue alizeti yako," kwa sababu mbegu zenye unyevu shangazi huzirudisha zikaanikwe. Niliijaribu mpaka vidole vikauma. Haikukosea hata kidogo.

Siku ya kwanza ya kazi akaja mama mmoja na mkokoteni wa punda, mtupu.

"Karibu dada," shangazi akamwambia.

"Karibu ya nini, na mmenifukuza? Nimeandikiwa nije nichukue alizeti yangu. Ina nini, ina wadudu?"

"Nani kakufukuza? Magunia yako yale pale, yanangoja zamu. Bado tu."

"Sasa si mngeniandikia bado! Tangu lini bado ikawa hapana?" Akamalizia kwa Kinyiramba, na wabeba magunia wakaangua kicheko huku wananitazama.

Shangazi hakucheka. "Wewe fundi wa kompyuta. Nakupa mpaka jioni."

Nilikaa nyuma ya stoo na kompyuta yangu. Bado. Umekula? Bado. Umeoa? Bado. Huku kwetu mtu hajibu hapana kwa maswali hayo, ni kama kujitabiria mabaya. Na mimi, mtoto wa hapahapa, nilikuwa nimeandika dunia isiyo na bado.

Lugha ya programu niliyotumia hutaka useme mapema kila kitu ni cha aina gani. Nikafuta aina ya ndiyo na hapana, nikaunda yangu yenye hali tatu: Tayari, Imekataliwa, Bado. Kwenye ujumbe nikaongeza tawi la Bado, yaani njia ya kuwajibu wanaosubiri, nikapumua, nikabonyeza. Kompaila, ile inayokagua programu nzima kabla haijaruhusiwa kufanya kazi, ikagoma. Ikanitajia mstari wa mbali niliousahau kabisa, unaopanga magunia ya kurudishwa: hapa umejibu hali mbili, Bado hujaijibu.

Niliyasoma maneno hayo mara tatu. Kompaila haijui Kiswahili. Haijawahi kuona alizeti wala mama aliyekasirika. Kwake Bado ni herufi nne tu. Lakini ilikuwa imepita kila kona ya kazi yangu ikiuliza: na hawa wanaosubiri, umewaambia nini? Kumbe kulikuwa na kitu kinachorudia kuliko mimi, tena bila woga wowote. Nikajibu pale iliponionyesha, ikapita. Nikaliondoa tawi makusudi, ikakataa. Nikalirudisha, ikapita. Nikaliondoa tena, kwa raha tu ya kukataliwa na kitu kilicho sahihi kiasi kile.

Jioni shangazi akasimama juu yangu. "Anza na yule wa punda."

Nikatuma: "Alizeti yako tunayo. Bado haijakamuliwa. Ikiwa tayari tutakuita."

Tukasubiri, mimi nimeshika simu kama yai. Ikalia. Nikampa shangazi asome, maana sikuthubutu.

"Anasema, 'Haya. Sasa mmesema.'"

Akafuta mafuta mikononi kwa kanga, akaangalia lile rundo la magunia yaliyokuwa bado yanangoja.

"Watumie na wengine," akasema, akarudi kwenye mashine yake.